Kutoka Rweya hadi Forodhani

Izimbya

Kwetu ardhi ni ya namna mbili. Kuna kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, lenye mwenyewe, lenye ukoo na makaburi yake. Halafu kuna rweya, mbuga ya nyasi iliyo kati ya kijiji na kijiji, isiyo na mwenyewe kwa kuwa ni ya wote. Ng'ombe hulishwa huko, nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani hukatwa huko, na kina mama hulima njugumawe za msimu. Mgeni akiiona migomba ya Izimbya ilivyonona hudhani tulipewa udongo wa peponi. Hatukupewa. Udongo wa Buhaya kwa asili ni dhaifu, mvua nyingi imeuosha. Kibanja kilitengenezwa na watu waliobeba nyasi za rweya na samadi ya ng'ombe kichwani, kizazi baada ya kizazi, mpaka ardhi ikawa nyeusi.

Rweya yenyewe inakwisha. Huyu anapanda misindano yake, yule mikaratusi, na miti ikishasimama ni vigumu kumwambia mtu kwamba pale palikuwa pa wote. Ndiyo sababu niliposikia kwamba Unguja kuna mahali watu waliifukia bahari, wakapata kiwanja, na kiwanja hicho hadi leo hakina mwenyewe, nikataka kwenda kukiona.

Shangazi alinifungia senene wa kukaanga kwenye chupa na kahawa ya kutafuna, akamwani, kwenye majani makavu ya mgomba. "Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," akasema. Nikapanda gari.

Bukoba

Njia inapita Kanazi, ilipo ikulu ya Omukama Kahigi wa Kihanja, kisha inateremka taratibu mpaka ziwa linajitokeza lote kwa mara moja, na kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji. Nilikuwa na saa kadhaa za kungoja meli, nikazitumia ufukweni.

Mji huu ulianzia hapa majini. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na karibu na ziwa bado limesimama Duka Kubwa, jengo la biashara la enzi hizo, kuta nene, kimya. Juni 1915 Waingereza walikuja na meli kutoka Kisumu, wakaupiga mji mizinga, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo, wakapora, kisha wakaondoka zao. Wanafunzi wengi wa Bukoba hawajui kwamba vita vya kwanza vya dunia vilifika mpaka kwenye mchanga huu wanaochezea mpira.

Mchanga ni mzuri kweli. Watoto wanaogelea mahali Mto Kanoni unapoingia ziwani, vijana wanapiga picha, wavuvi wanashona nyavu. Lakini mtu mzima anayetaka kuketi atazame maji, aghalabu huketi kwenye kiti cha hoteli, na kiti cha hoteli kinataka uagize soda. Benchi la bure sikuliona nilikopita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au bahari, na ziwa lenyewe hukumbusha sheria yake: mvua za 1961 hadi 1964 zilipandisha maji kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena yakaingia hadi kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo ukanda huo upo, na kisheria hauna mjenzi. Kinachokosekana ni mtu wa kuufagia na kuuwekea taa.

Kemondo na usiku wa ziwani

Meli ya *New Victoria Hapa Kazi Tu* ni ile MV Victoria ya zamani iliyotengenezwa Scotland, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961, na ikafufuliwa mwaka 2020. Kemondo ilisimama kupakia ndizi. Ni tamasha: mikungu inapanda begani mwa vijana, wenye mali wanapiga kelele wakihesabu, wanawake wanauza parachichi na karanga kando ya ngazi, na mzee mmoja aliyevaa koti katikati ya joto lile anakagua kila mkungu kama daktari wa jeshi.

Kisha giza. Upande wa kulia pwani ya Muleba ilikuwa mstari wa taa za wavuvi wa dagaa, na mahali fulani gizani kisiwa cha Bumbire, ambacho msafiri Stanley alikishambulia kwa risasi Agosti 1875 ili kulipiza kisasi cha kukataliwa. Abiria mwenzangu, mama wa Kamachumu aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, alinigawia ndizi za kuchoma, nami nikamgawia senene. Karibu na alfajiri watu wazima wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Hakuna aliyetangaza, lakini kila Mhaya wa umri wangu anajua kwamba tunapokaribia Mwanza tunapita jirani na mahali MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wetu. Mama yule alishika rozari hadi miamba ya Mwanza ilipoonekana.

Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam

Haya nayapita haraka, ingawa Mwanza haistahili kupitwa haraka. Nchi ya mawe yaliyobebana. Kuanzia Shinyanga nchi inajinyoosha, mibuyu inaanza, na Singida kuku na alizeti vinauzwa kila kituo. Dodoma nilipanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024, na baada ya safari ya siku mbili barabarani ilikuwa kama kuteleza. Safu ya Uluguru ilipita dirishani kabla sijamaliza chungwa.

Dar es Salaam nililala Kariakoo, asubuhi nikatembea Kivukoni. Soko la samaki la Feri lilikuwa limechangamka, mnada wa changu na kolekole ukiendeshwa kwa lugha ambayo asiyezoea haielewi hata kama ni Kiswahili. Mbele kidogo mnara wa Kanisa la Azania Front, walilojenga Wajerumani, unaitazama bandari. Hapo nilisimama kidogo kwa heshima ya jamaa zangu Walutheri, kisha nikaenda kwenye boti.

Forodhani, mchana

Mtu aendaye Unguja kwa mara ya kwanza namshauri asilale ndani ya boti. Mji Mkongwe unapaswa kuonwa kutoka majini kwanza: safu ya majumba meupe, Beit al-Ajaib likiwa limezungukwa na uzio wa ukarabati, Ngome Kongwe na minara yake minene, na mbele ya vyote hivyo mstari wa kijani ulioshikwa na ukuta wa mawe. Mstari huo wa kijani ndio Forodhani.

Ngome ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ilijengwa ili mizinga yake iyatawale maji. Ukiipima kwa hatua leo unashangaa, maana kati ya lango lake na bahari kuna barabara nzima na bustani. Bahari ilisukumwa. Hapa mbele kwanza palikuwa na ufukwe, kisha mabanda ya forodha, kisha reli: kuanzia 1905 treni ya Bububu ilikuwa ikiondokea hapa Ngomeni, ikipita kwenye vichochoro huku watu wakijibana ukutani, hadi ilipokufa miaka ya 1920. Waingereza walipojenga bandari mpya Malindi ya hapa Unguja, mizigo ikahamia huko. Kiwanja kikabaki kitupu, nacho kiwanja kitupu mbele ya ikulu hakikai hivyo. Katikati ya miaka ya 1930, Mfalme George V alipotimiza miaka 25 ya utawala mwaka 1935 na Sultani Khalifa bin Haroub akatimiza yake mwaka 1936, kikapandwa miti na nyasi, kikaitwa Bustani ya Jubilei. Jukwaa la bendi la wakati huo lipo bado katikati.

Mchana bustani ni ya wavivu na wenye busara. Niliketi chini ya mti nikafikiria kilichopita hapa kabla ya nyasi. Kwa miongo mingi ya karne ya 19 ushuru wa Zanzibar ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, na kila jino la ndovu na kila gunia la karafuu lilipimwa kwenye forodha hii. Watumwa nao walitozwa ushuru kwa kichwa. Sisi wa Kagera tunapenda kujiona watu wa mbali na mambo hayo, lakini Kafuro, huko Karagwe, kulikuwa na kituo cha Waarabu na Waswahili, na pembe zilizonunuliwa huko zilishuka Tabora, zikateremka pwani, zikavuka hadi hapa. Kilichopanda kwenda kwetu kilikuwa vitambaa, shanga na simbi. Zile simbi ambazo mababu walihesabia mahari zilikuwa makombe ya bahari hii. Huenda nimeketi juu ya mahali bibi yangu mzaa bibi alipopimiwa thamani yake bila kujua.

Pembeni kuna kitu cheupe kama lango, chenye madirisha ya mtindo wa Kiarabu, kinachotazama maji. Kilijengwa mwaka 1956 kumpokea Princess Margaret, dada yake Malkia Elizabeth, na husimuliwa kwamba siku ilipofika hakushukia hapo. Paka watatu walikuwa wamelala ndani yake. Naona wamekitendea haki.

Na mizinga ya Waingereza ilifika hapa pia, miaka 19 kabla ya Bukoba. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari ziliipiga ikulu kwa sababu Khalid bin Barghash aliukalia usultani bila idhini yao. Haikufika saa nzima. Ikulu iliyokuwa jirani na Beit al-Ajaib ikawa kifusi, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika vibaya. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilinusurika mizinga ile. Sehemu yake iliporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu wawili.

Forodhani, magharibi

Saa kumi na moja bustani inabadilika. Maji yanakuwa yamejaa mpaka karibu na ukingo, na vijana wa makachu wanafika. Wanavua mashati, wanarudi nyuma hadi karibu na nyasi, wanakimbia, wanakanyaga tairi lililowekwa ukingoni, na hapo mwili unajikunja hewani mara mbili, unajinyoosha, unazama. Mmoja aliruka na baiskeli. Mwingine aliruka ameshika mkono wa mdogo wake wa miaka kama minane, na yule mdogo akaibuka akicheka na kudai waruke tena. Wazungu wanarekodi kwa simu, wenyeji wanahukumu kwa maneno. Kina mama waliokaa ukutani wamevaa mabuibui walikuwa mahakimu wakali kuliko wote: "Huyo kaanguka, hakuruka!"

Adhana ikaadhiniwa kwenye misikiti mingi kwa pamoja. Watu wakapungua, wakarudi, taa zikawaka, moshi ukapanda. Meza za vyakula zimepangwa kwa safu: pweza, ngisi, kamba, mishikaki ya samaki, mikate ya ufuta, na wapishi wamevaa kofia nyeupe za kupanda juu kama wa hoteli za Ulaya. Nisiwadanganye, si kila kinachong'aa pale ni kizuri. Samaki aliyekwisha kuchomwa mchana akapashwa usiku ana ladha ya mbao, na muuzaji mmoja alinitajia bei ya mgeni mpaka nilipomjibu kwa Kiswahili, akacheka, akaishusha kwa zaidi ya nusu. Ile pizza ya Zanzibar, yaani unga unaokunjwa na nyama na yai kisha kukaangwa, niliila kwa wajibu.

Urojo ni habari nyingine. Ni bakuli la rojo la njano lenye ukali wa ndimu na embe, ndani yake bajia, kachori, viazi, vipande vya mshikaki, juu chipsi za muhogo, chatini ya nazi na pilipili ya kutoa machozi. Unakula umesimama, jirani yako anakula amesimama, hakuna anayezungumza. Nilishushia juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Mhaya hatakiwi kusema hivi hadharani, ila jioni ile sikuikumbuka ndizi.

Niligundua kwamba bustani za usiku ni mbili. Ya kwanza ni ya meza, na humo wageni wengi. Ya pili ni ya ukutani na kwenye mabenchi: familia nzima kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na chupa ya chai kutoka nyumbani, wachumba waliokaa mbalimbali kwa heshima ila wanatazama simu moja, wazee wa kahawa, watoto waliopaswa kuwa wamelala. Hawa hawanunui kitu, au wananunua kikombe kimoja. Hakuna anayewafukuza. Hapo ndipo nilipoiona rweya yetu, imetandazwa juu ya kifusi.

Nilikwenda kwa wazee wa kahawa, nikawaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?"

"Bukoba, mzee. Izimbya."

"Bukoba! Kwa wale wala panzi."

Nikatoa chupa ya senene kabla hawajamaliza kucheka. Kijana aliyekaa pembeni akageuza uso. Mzee akavaa miwani, akamkagua mmoja, akasema nzige ni halali na huyu ni ndugu yake nzige, akatafuna. Akachukua tena. Kisha nikafungua akamwani, nikaeleza kwamba kwetu kahawa huchumwa, huchemshwa na majani ya kunukia, hukaushwa, na mgeni huwekewa atafune kabla ya neno lolote. Nikawaambia pia kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanja ngozi, wakapaka damu kwenye punje mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake.

"Damu wacha," mzee akasema. "Kahawa nipe."

Akatafuna muda mrefu, akitazama taa za majahazi. "Sasa hii mwaitafuna bila ya kashata?" Nikakiri kwamba ndiyo. Wakanihurumia wote, nikapewa kashata na kikombe kidogo cha kahawa chungu ya moto.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za kabla ya 2008. Nyasi zilikuwa zimekwisha, maji machafu yanatuama, ukuta unaliwa na mawimbi, usiku giza. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaifunga bustani, ukauimarisha ukuta, ukaweka mifereji, taa na mahali maalumu pa wauza vyakula, na Julai 2009 ikafunguliwa upya. "Tulidhani watatufungia," alisema. "Tulisema hii sasa itakuwa ya hoteli." Haikuwa. Nilimuuliza nani anafagia. Akanionyesha kwa kidevu wanawake wawili wenye fagio ndefu waliokuwa wakipita kati ya mabenchi saa tatu usiku, wakiokota vikombe vya urojo.

Mnazi Mmoja

Kesho yake nilitembea upande wa pili wa mji kuona ndugu yake Forodhani. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja pale kwenye soko la Darajani. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo wakati wa Waingereza. Leo juu yake kuna barabara kuu, Bustani ya Jamhuri na viwanja vya Mnazi Mmoja. Hapa hakuna mtalii. Kuna mechi za mchana, wanafunzi wanaosoma chini ya miti, na sikukuu za Idi uwanja hujaa bembea, mabaluni na watoto wenye nguo mpya.

Lakini bahari haijasahau. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi wake kando ya uwanja alinionyesha mahali nyasi zimekufa. Wakati wa bamvua, alisema, maji ya chumvi huchomoza chini kwa chini. Ukutani panaonekana pakavu, lakini ardhini panalowana. Nilimweleza habari za ziwa letu lililopanda mwaka 2020, akasikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote niliyekutana naye safarini, kisha akauliza kama nasi tulikuwa tumefukia ziwa. Nikasema hapana, sisi ziwa lilikuja lenyewe. Akatikisa kichwa. "Basi nyie mna bahati mbaya zaidi."

Nimerudi, na kwa wanaouliza nini cha kufanya wakifika: fikeni Forodhani kabla ya adhana ya magharibi, siku ambayo maji yanajaa jioni, vinginevyo makachu hamtayaona. Pizza iacheni. Urojo nunueni kwa yule ambaye wenyeji wamemzunguka, si kwa yule anayewaita. Bei ulizeni kwa Kiswahili na mkiwa mmesimama. Na mkipeleka senene, pelekeni chupa mbili, kwa sababu ya kwanza itaishia kwa wazee wa ukutani.